Taa ya luksi 10,000 kwenye meza ya cherehani: majira matatu ya baridi nayo

Mimi ni fundi wa nguo. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni marekebisho: kupunguza urefu wa suruali, kubana kiuno, kubadilisha zipu, kushona pindo kwa mkono kwenye nguo ambazo hazitaki kupitishwa mashine. Kwa hiyo majira ya baridi mimi huyajulia kwenye uzi. Ikifika katikati ya Novemba, uzi mweusi na uzi wa bluu iliyokolea huwa kitu kimoja machoni pangu, hata nikisogea dirishani, hata saa sita mchana. Mwaka niliougua vibaya kuliko yote nilishona pindo la suruali ya suti ya bluu kwa uzi mweusi, miguu yote miwili, na sikuona kitu mpaka mwenye nguo alipoivaa mbele ya kioo. Aliniambia kwa upole kabisa. Nilimwomba radhi, nikangoja atoke, kisha nikakaa chini palepale kwenye vipande vya vitambaa nikalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Kilichoniliza hakikuwa uzi. Wakati huo nilikuwa nalala muda wa saa 11 au 12 na bado naamka nimechoka. Mikono na miguu ilikuwa mizito, kana kwamba mtu amenivika makoti mawili yaliyolowa maji. Nilikula bila njaa, na kila nilichokitamani kilikuwa cha wanga au cha sukari. Kwenye simu yangu kulikuwa na jumbe za sauti 16 za mdogo wangu ambazo sikuwa nimezifungua. Ya mwisho niliisikia kwa bahati tu, kidole kiliteleza: "Dada, uko salama? Mbona kimya hivyo? Hata ukisema 'nimesikia' mimi nitaridhika." Niliisikiliza nikaweka simu kifudifudi mezani. Nilimpenda, na sikuweza kumjibu. Asiyepitia hali hiyo ataona ni uvivu au dharau, na mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa miaka mitatu.

Haya ni maoni yangu kuhusu taa niliyoitumia dhidi ya hali hiyo, majira matatu ya baridi mfululizo. Jina la kampuni sitaji. Nimenunua taa mbili, na zote mbili zimenifundisha kwamba jina lililo kwenye kasha halisaidii kitu. Vipimo ndivyo vya kusoma.

Ugonjwa huu unaitwa sonona ya msimu, na sonona ni ule ugonjwa wa huzuni nzito inayomwondolea mtu nguvu. Ni sonona kamili, ila ina ratiba: inaingia siku zinapofupika, inaondoka siku zinaporefuka, na mwaka unaofuata inarudi. Ratiba hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Daktari wa kwanza niliyemwendea alinisikiliza dakika tano akaniambia nivae nguo nzito na nitoke nikutane na watu. Wa pili aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mwezi wa nne mwaka jana ulikuwaje? Na mwaka juzi?" Nilipofikiri nikaona kwamba kila mwezi wa nne nilikuwa nimepona bila kufanya lolote. Aliniambia kwamba ili waite ni ya msimu, wanataka kuona mtindo huo umejirudia angalau miaka miwili. Mimi wangu ulikuwa wa tatu. Kisha akauliza lingine, polepole, akinitazama: je, nimewahi kuwa na kipindi cha kujiona nina nguvu kupita kiasi, silali na sichoki, natumia fedha ovyo, mawazo yanakimbia? Nilisema hapana. Nitaeleza baadaye kwa nini swali hilo ni zito kwa yeyote anayefikiria kununua taa hii.

Kuna habari moja iliyonipa moyo nilipoanza kusoma. Daktari aliyeupa ugonjwa huu jina, Norman Rosenthal, alikulia Afrika Kusini na kuhamia New York mwaka 1976. Baridi yake ya kwanza huko alijikuta hana nguvu, kazi zimemlalia, na majira ya kuchipua yalipofika akarudi kuwa mtu yuleyule. Baadaye, akiwa katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, alikutana na kazi ya Alfred Lewy, ambaye mwaka 1980 pamoja na wenzake walionyesha kwamba mwanga mkali unaweza kuzima utengenezaji wa melatonini, homoni ya usiku na usingizi, mwilini mwa binadamu, jambo ambalo mwanga wa kawaida wa chumbani haukuwa umeliweza. Na kulikuwa na mgonjwa, Herbert Kern, mtu wa sayansi ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiandika kwenye daftari zake jinsi hali yake inavyopanda na kushuka kwa majira. Ndiye aliyewasukuma. Wakamweka mbele ya mwanga mkali asubuhi kabla ya kucha na jioni baada ya kuchwa, na ndani ya siku chache akaanza kufunguka. Makala ya mwaka 1982 iliyosimulia kisa chake inamtaja yeye mwenyewe kama mmoja wa waandishi. Nalipenda sana jambo hilo, kwamba mgonjwa aliyeandika daftari hakubaki kuwa kisa tu. Mwaka 1984 Rosenthal na wenzake wakaandika kuhusu wagonjwa 29, na jina la ugonjwa likakaa.

Sasa taa yenyewe.

Mtu aliyekulia karibu na ikweta hana sababu ya kuufikiria mwanga, kama samaki asivyofikiria maji. Mchana huko ni saa 12 na dakika chache, mwaka mzima. Lakini ukiwa kwenye latitudo ya digrii 60 kaskazini, mwishoni mwa Desemba jua linachomoza saa tatu na ushei asubuhi na saa tisa alasiri limekwisha kuzama, na muda huo wote linatambaa chini chini nyuma ya majengo. Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halionekani kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Anayefanya kazi ndani ya nyumba, kama mimi, anaweza kupitisha wiki nzima bila kupata asubuhi ya kweli hata moja.

Na asubuhi ndiyo inayotakiwa. Nyuma ya jicho, kwenye retina, mbali na seli zinazotuwezesha kuona, kuna seli nyingine chache ambazo kazi yake kubwa ni kupima tu: kumekucha au bado? Zinapeleka habari kwenye kifundo kidogo ndani ya ubongo kinachoendesha saa ya mwili. Wanasayansi walizithibitisha mwaka 2002, si zamani. Kama habari ya kumekucha haifiki, au inafika saa nne asubuhi badala ya saa kumi na mbili, saa ya mwili inachelewa. Unaamka kwa kengele, unavaa, unashuka ngazi, na mwili wako kwa hesabu zake bado uko usiku wa manane. Hiyo ni moja ya maelezo yanayotolewa na wataalamu, na siyo pekee, lakini ndiyo iliyoeleza asubuhi zangu nikaona ni zangu kweli.

Taa ya kwanza niliinunua kwa haraka, kwa kuwa ilikuwa ndogo na nzuri. Ukubwa wake ni wa kitabu chembamba, inasimama kwa mguu wa waya, na kwenye kasha wameandika kwa herufi kubwa: luksi 10,000. Luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali fulani. Niliiweka pembeni ya cherehani, kama mkono mmoja kutoka usoni, nikaitumia nusu saa kila asubuhi kwa wiki tano. Hakuna kilichobadilika. Nikaanza kuamini kwamba habari yote ya mwanga ni biashara ya kuwauzia watu waliokata tamaa, na nakumbuka vizuri uchungu wa mawazo hayo, kwa sababu lilikuwa tumaini la mwisho nililokuwa nimejiwekea.

Rafiki yangu mpigapicha ndiye aliyenitoa gizani. Alikuja kuchukua koti lake, akaiona taa, akaniuliza kama nimeipima. Kesho yake akarudi na kipima mwanga chake. Tukakishika pale ambapo jicho langu hukaa nikishona: luksi 900 na kitu. Tukasogeza hadi sentimita 30: kama 1,800. Ili ile taa itoe 10,000 ilibidi kipima kiwe sentimita 10 kutoka kwenye kioo chake, yaani pua yangu ikaribie kuigusa. Nilirudi kwenye karatasi ya maelekezo nikakuta imeandikwa, kwa herufi ndogo upande wa nyuma, kwamba kiwango kimepimwa kwa umbali wa sentimita 10. Hawakudanganya, lakini waliliweka jambo muhimu kuliko yote mahali ambapo mtu mgonjwa hatalisoma. Niliwaandikia. Walijibu kwa maneno mazuri na hawakunirudishia fedha.

Kwa hiyo ukitoka na jambo moja tu katika maneno yangu, liwe hili: usiulize "luksi ngapi?" Uliza "luksi 10,000 kwa umbali gani?" Mwanga unapungua haraka sana kadiri unavyorudi nyuma, na hakuna anayeweza kuishi miezi mitano uso wake ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye taa.

Tulipokuwa na kile kipima mkononi tukazunguka nacho nyumba nzima kama watoto. Kwenye kona ninapopokea wateja, taa ya dari ikiwa imewaka: 110. Mezani pa cherehani, karibu na dirisha, saa tano asubuhi, mawingu mazito: 430. Nje mlangoni, dakika ileile, chini ya mawingu yaleyale: 2,900. Nilimwomba apime tena, nikidhani amekosea. Macho yetu yanatudanganya kwa wema, yanazoea giza mpaka tunaona sebule inang'aa, ilhali nje, hata siku mbaya, kuna mwanga mara nyingi zaidi. Siku ya jua la kiangazi nje inaweza kufika luksi 100,000. Tangu siku ile, kila siku nikimaliza kazi ya asubuhi natoka kutembea saa sita mchana, dakika 20, mvua au theluji. Haigharimu kitu, na theluji ikiwa chini mwanga unaongezeka kwa sababu unarudi juu.

Taa ya pili ni kubwa. Uso wake ni kama sentimita 30 kwa 40, imesimama juu ya kitako kirefu hivi kwamba mwanga unatoka mbele na juu kidogo ya macho, kama jua la asubuhi linavyokuja. Ina kioo cha ukungu mbele kinachosambaza mwanga, na maelezo yake yanasema waziwazi kwamba miale ya urujuanimno imezuiwa na kwamba luksi 10,000 ni kwa sentimita 30. Kipima kilisema 9,600 pale hasa ninapokaa. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku niliponunua cherehani. Mwanga wake ni mweupe, si wa buluu. Watu wengi wanadhani lazima uwe wa buluu. Majaribio mengi yaliyofanywa yametumia mweupe, na mweupe ni rahisi kwa macho.

Ninavyoitumia ni hivi. Naamka saa kumi na mbili na nusu. Saa moja kasorobo nimekaa mezani, nimeiwasha, na nashona kwa mkono: pindo, vifungo, lolote lisilohitaji mashine. Dakika 30. Macho yawe wazi, lakini usiikodolee taa. Unatazama kazi yako na mwanga unakupata wenyewe. Ukifumba macho au ukiwa na miwani ya jua, umepoteza muda. Ukikaa mbali zaidi, muda unaongezeka: kiwango kinachojulikana ni 10,000 kwa nusu saa, au 5,000 kwa saa nzima, au 2,500 kwa saa mbili. Mimi nina wateja, nusu saa ndiyo niliyo nayo.

Siku ya kwanza nilichukua vigurudumu viwili vya uzi nikaviweka chini yake kwenye kitambaa cheupe. Mweusi ulikuwa mweusi kama makaa. Wa bluu ulikuwa bluu, ule wa maji ya kina kirefu, na nikaona hata nyuzinyuzi ndogo zinazosimama pembeni. Nilikaa nikavitazama. Sisemi kwamba nilipona siku ile, sikupona. Lakini kuna miezi miwili sikuwa nimeiona rangi hiyo.

Siku nne za kwanza kichwa kiliniuma juu ya nyusi na macho yalichoka. Daktari alikuwa amenionya. Nikapunguza hadi dakika 15, nikapanda polepole, na kufikia siku ya nane maumivu yalikwisha. Mwanangu alilalamika kwamba taa inamchoma akipita kwenda kuoga, na ni kweli, kwa mtu wa pembeni inakera. Nikaigeuza iangalie ukuta wa ndani. Kama mnaishi wengi kwenye chumba kimoja, lifikirieni hilo kabla ya kununua, maana taa hii haina namna ya kujificha.

Nilitegemea nini? Nilitegemea furaha. Haikuja kwa sura hiyo. Kilichokuja kwanza, kama siku ya sita, ni kwamba niliamka dakika mbili kabla ya kengele. Kisha wanga ukaniachilia. Nilimaliza kula nikaona nimeshiba, nikaweka kijiko. Siku ya tisa, nikiwa nashona kifungo cha koti chini ya taa, niliichukua simu nikaanza kusikiliza zile jumbe za mdogo wangu, kuanzia ya kwanza kabisa. Zilikuwa habari ndogo ndogo. Jirani kapata mtoto. Kapoteza funguo, kazipata. Kaota ndoto mbaya kunihusu. Nilizisikiliza zote 16, na taa ilipojizima yenyewe baada ya nusu saa nikaiwasha tena ili nizimalize. Kisha nikampigia. Akapokea mlio wa kwanza, akasema tu, "Dada," na kwa muda hakuna aliyesema kingine.

Niwe mkweli kuhusu upande wa sayansi pia. Majaribio mengi ya taa hizi yalikuwa na watu wachache, na ni vigumu kumficha mtu kama anapewa mwanga au hapewi. Mtafiti Charmane Eastman na wenzake huko Chicago walitumia ujanja: wengine waliwapa mwanga, wengine kifaa kingine kilichozimwa bila wao kujua. Matokeo yao ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba mwanga wa asubuhi ulijitenga na kile kifaa bandia baada ya kama wiki tatu, si mapema. Nayasema haya kwa ajili ya mtu ambaye siku ya tisa itampita bila simu wala wanga kubadilika. Usiirudishe taa wiki ya pili. Kanada, jaribio lililoongozwa na Raymond Lam, matokeo yake yakatoka mwaka 2006, liliwalinganisha watu 96 kwa wiki nane: kundi moja taa ya luksi 10,000, jingine miligramu 20 za fluoxetine, dawa ya sonona. Kwa jumla makundi yote mawili yalipata nafuu sawa. Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote wale wanaomwambia mgonjwa aache vidonge anunue taa, na wale wanaosema taa ni mchezo. Ni tiba. Inachaguliwa na mtu pamoja na daktari wake, na wengine wanazitumia zote mbili.

Nimefanya makosa mawili nayo. Desemba ya kwanza nilikuwa na kazi ya magauni manane ya kumaliza usiku, na kwa kuwa mwanga wake ni mzuri kwa macho nikaiwasha saa mbili usiku nikashona chini yake mpaka saa nne. Nilipanda kitandani nikiwa macho kama mchana. Saa nane usiku nilikuwa bado natazama dari, na siku tatu zilizofuata asubuhi zangu ziliharibika zote. Ukiiwasha jioni unaiambia saa ya mwili kwamba jua halijazama. Kwa kazi ya usiku nunua taa nyingine ya kawaida.

Kosa la pili lilikuwa la kujiona nimepona. Katikati ya Januari nilikuwa mzima kabisa, nikaona aibu kidogo kukaa mbele ya mashine kila asubuhi kama mgonjwa, nikaacha. Siku ya kwanza na ya pili, salama. Siku ya tano nililala mchana. Siku ya saba nilimkatia mdogo wangu simu nikisingizia mteja, na hapakuwa na mteja. Mwanangu aliuliza, "Mama, ile taa imeharibika?" Nikaiwasha asubuhi yake. Ilinichukua zaidi ya wiki kurudi nilipokuwa. Sasa naanza mwishoni mwa Septemba, kabla uzi haujanichanganya, na siachi mpaka Aprili.

Kuhusu ubora wa kifaa chenyewe, kwa majira matatu haijapungua nguvu. Mwaka huu nilimwomba rafiki yangu aje na kipima tena, tukapata 9,400. Inatumia LED, haipati moto, haipigi kelele wala mwanga wake hauchezi. Kinachoniudhi ni kitako. Kimefungwa kwa skrubu mbili za plastiki, na moja ilikatika mwaka wa pili nilipoinamisha taa. Kampuni ilinitaka nirudishe taa nzima kwa gharama yangu, kwa ajili ya skrubu, katikati ya Januari. Nikasema hapana. Nimeibana kwa bolti ya chuma na vipande viwili vya ngozi, na sasa imeshika kuliko mwanzo. Saa yake ya kujizima ina dakika 30 tu, huwezi kuiweka 20 au 45, kwa hiyo wanaoanza kidogo kidogo itabidi watazame saa ya ukutani.

Nilijaribu pia saa ya kuamshia inayowasha mwanga taratibu kuiga mapambazuko. Ni nzuri, kuamka kwake ni kwa amani, na ninaiacha chumbani kwa mwanangu. Kwangu mimi haikutosha peke yake. Vidonge vya vitamini D navyo nilimeza, kwa sababu kipimo cha damu kilionyesha nimepungukiwa, lakini usichanganye mambo: taa hii haikupi vitamini D, maana miale inayoitengeneza kwenye ngozi ndiyo hiyohiyo iliyozuiwa kwa ajili ya macho yako.

Swali la daktari nililoahidi kulirudia. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa hisia mbili, anayepanda juu sana na kushuka chini sana, mwanga huu unaweza kumrusha juu mpaka mahali pa hatari. Asiutumie bila daktari anayemfuatilia. Vilevile mwenye ugonjwa wa retina, au kisukari kilichogusa macho, aonane na daktari wa macho kwanza. Na kuna dawa zinazofanya ngozi na macho yadhurike upesi kwa mwanga. Ukinywa dawa yoyote ya kila siku, uliza. Duka lililoniuzia halikuniuliza hata moja kati ya haya. Wanaiuza kama wanavyouza pasi.

Na kama umefika mahali unapofikiri kwamba ni afadhali usiwepo, usiagize taa ukasubiri wiki tatu. Mwambie mtu leo, piga simu ya dharura ya mahali ulipo, nenda hospitali hivyo hivyo ulivyo bila kuoga wala kuchana nywele. Mimi niliwahi kukaribia hapo, mwaka wa uzi mweusi, na aliyenishika mkono hakuwa taa. Ni jirani aliyesikia siijibu hodi akaendelea kubisha.

Mwaka jana niliongeza kitu kingine, mazungumzo na mtaalamu, vikao viwili kwa wiki kwa wiki sita. Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont ameufanyia kazi mtindo huo kwa ajili ya sonona ya msimu, na utafiti wake ulikuta kwamba majira ya baridi ya pili baada ya tiba, waliopata mazungumzo walirudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko waliopata taa. Naelewa kwa nini. Taa inafanya kazi ukiiwasha. Mazungumzo yalinifundisha kuzitambua sentensi zangu za Novemba: "sitamsumbua", "nitampigia kesho", "hakuna atakayeona nisipokwenda". Nimeziandika kwenye kipande cha karatasi ya ramani ya nguo na kukibandika nyuma ya taa, upande wa ukutani, ninapokiona nikiipangusa taa vumbi.

Nikiulizwa kama ningeinunua tena hii kubwa, ningeinunua, skrubu na yote. Ile ndogo bado ninayo. Naiwasha usiku, mbali na uso, kutungia uzi kwenye sindano.

Jana jioni mdogo wangu alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Nilikuwa nimekwisha lala. Leo saa moja kasorobo nimeuweka, nikashona pindo la gauni la bluu huku nikimsikiliza.